Mkaidi wa Mke Wangu

Jumanne ya tarehe nne, mwezi wa pili, watu wa ofisi ya mtaa walikuja na majembe mbele ya nyumba yangu wakamng'oa Mkaidi mzima mzima. Mimi nilikuwa kliniki, nachomwa sindano ya goti. Walijua kuvizia.

Mkaidi ni jina alilolitoa marehemu mke wangu. Ni ule mmea mfupi unaotambaa chini, majani manene kama punje za mahindi, ukiyaminya yanatoa maji. Aliupanda kwenye mteremko kati ya ukuta wetu na barabara, pale ambapo hata nyasi zilikataa. Anavunja kipande, anakilaza kivulini mpaka jeraha likauke, ndipo anakichomeka kwenye udongo aliouchanganya na vigae vya bluu, vile vibovu tulivyobandua jikoni. Jua likawaka, mbuzi wa watu wakapita, Mkaidi yumo tu. Mwaka wa pili akafunika mteremko wote. Mwaka wa tatu nikamzika mama watoto.

Sasa nimerudi, udongo mtupu. Hata kikonyo hakikubaki. Nikaenda ofisini nikichechemea.

Afisa usafi, kijana mwenye shati lililonyooshwa pasi mpaka linakata, hakuinua macho kwenye simu.

"Mzee wangu, kuna mgeni mkubwa anapita. Tumeondoa magugu."

"Gugu? Mke wangu ndiye aliyelipanda!"

"Basi mwambie aje mwenyewe."

Foleni ikaguna. Mama mmoja akasema, "We kijana, mkewe si alifariki?"

Afisa akakohoa. "Pole, mzee. Lakini utaratibu ni utaratibu."

"Mmelitupa wapi? Nipe kipande kimoja tu, urefu wa kidole, niondoke zangu."

"Limechomwa moto. Anayefuata!"

Limechomwa! Bomba la mtaa limekauka miezi na miezi, hawalioni. Mvua ikinyesha, mteremko ule utamwagika barabarani, na haohao ndio watakaokuja kunifokea kwa matope. Ila ua la marehemu, hilo macho yao yaliliona haraka.

Natoka, ndipo nikaviona. Vyungu vinne kando ya mlango wa afisa, vimepakwa rangi nyeupe juzijuzi. Ndani yake, Mkaidi. Nikainama, nikachokoa udongo kwa kidole. Kigae cha bluu.

Nikavunja kipande. Mlinzi akanidaka mkono.

"Babu, acha. Hii mali ya ofisi. Utanifukuzisha kazi, babu yangu."

Akanifungua vidole kimoja kimoja, polepole kama anamvua mtoto kiatu. Afadhali angenipiga. Kipande akakirudisha chunguni.

Nikageuka, nikapiga kelele mpaka karani akabaki na mhuri wake hewani. Foleni nzima ikamtazama afisa, naye akatazama simu.

"Wewe kijana! Kama ni gugu na mmelichoma, hili mlilolipamba mlangoni kwako ni nini?"