Mtu wa Kufika

Kivuva alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake pale mtaani Mbotela, macho ameyafumba, mfuniko wa sufuria mikononi kama usukani, akitua. Majirani waliotoka bombani na ndoo zao walimpita wakinyata, kama wapitao kando ya mgonjwa. Kila jioni alitua hivyo. Uwanja wake ulikuwa wa ndotoni, mrefu, usio na upepo, na ndege iliushukia polepole kama unyoya wa kuku. Mkewe Ndanu alimwacha aote, ila mfuniko aliudai mchuzi ulipokaribia kuiva.

Kwenye ndege yenyewe, lo, mambo yalikuwa mengine. Kivuva alikuwa dereva wa lori la mafuta katika kampuni ya ndege ndogo uwanjani Wilson, na sifa yake kuu duniani ilikuwa kufika. Mvua inyeshe, barabara ikatike, Kivuva atafika. Hakuwahi kugeuza gari njiani, na hilo alilitangaza hata kanisani. Ndiyo maana mwenye kampuni alipotaka kumsomesha mfanyakazi mmoja urubani, alimchagua yeye. Lakini ya nchi kavu si ya hewani. Ardhi ilipokaribia, hamu ya kufika ilimpanda kichwani, akaisukuma pua ya ndege chini ili magurudumu yaguse upesi. Ndege ikadunda, ikaruka, ikadunda tena, na meno yakamgongana kinywani.

Mwalimu wake, Bi Nabiswa, mwanamke mpole asiyependa kurudia neno, alimweleza kwamba kushuka ni kazi ya rubani, kutua ni kazi ya ndege. Achague mahali pa kulenga na kuhakikisha hapasogei kwenye kioo cha mbele. Akishakaribia, ainyooshe ndege juu kidogo ya lami, aiondolee injini nguvu, kisha avute usukani taratibu akiizuia isitue. Aizuie, aizuie, mpaka ichoke kuruka na kukaa yenyewe. Na akiona mambo hayakai sawa, aipe injini nguvu zote, apande, azunguke, aje upya. Kivuva aliitikia yote, ila hilo la mwisho moyoni aliliona ni la waoga.

Siku ya kuruka peke yake iliangukia Jumamosi. Mwenye kampuni alikuwa amesema bila kuficha: Kivuva asipoweza, nafasi itapewa Maingi wa karakana, naye arudi kwenye lori lake. Ndanu alikuja kutazama, amevaa gauni jekundu alilolitunza kwa harusi za watu, akasimama penye ua wa uwanja pamoja na wanawake wenzake wa kwaya. Bi Nabiswa alishuka ndegeni, akafunga mlango, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Kivuva akapaa. Kwa kukosa uzito wa mwalimu, ndege ilipanda kwa wepesi uliomshangaza. Upande mmoja nyasi za mbuga zilikuwa za manjano. Upande wa pili, mbali, mabati ya Eastlands yalimetameta kama maji, na mahali fulani humo mlikuwa na Mbotela, ndogo, haina kelele. Alihisi kama mtu aliyelala huku yu macho. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemngoja alete mafuta. Laiti angeachwa huko kidogo.

Akageukia uwanja, akapunguza injini, akalenga. Lakini alikuja kasi mno, na hewa iliyopanda kutoka kwenye lami ya moto ikaibeba ndege, nayo ikakataa kushuka. Lami ilipita chini yake, ikapita, naye bado anaelea. Pembeni akaliona gauni jekundu. Mikono yake ikataka kusukuma. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya mikono ile: sukuma, fika, wakuone umefika. Aliogopa sana, aliogopa zaidi kuonekana ameshindwa kuliko alivyoogopa kufa.

Akaipa injini nguvu zote.

Ndege ikanguruma, ikainua pua, na watu wa uani wakadidimia chini yake wakiwa wameinua nyuso. Mnara wa kuongozea ndege ukamuuliza redioni ana nia gani. Akajibu kwamba anarudi juu, na mwenyewe akastaajabu jinsi sauti yake ilivyotulia. Aibu ilimfuata mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha nayo ikabaki nyuma.

Mara ya pili alikuja polepole. Juu ya lami akaizuia ndege, akaizuia, akasahau kungoja chochote, na alikuwa bado anaizuia alipogundua kwamba magurudumu yanabingirika. Yaligusa lini, hakujua.

Bi Nabiswa alimpa mkono, akamwambia Jumatatu wataanza masomo ya safari za mbali. Maingi naye alikuja akampiga bega. Ndanu alisubiri wote wamalize. Wanawake wa kwaya hawakujua kama ni shangwe au ni pole inayotakiwa.

“Baba Nthoki,” Ndanu akasema, “mbona ulirudi juu?”

Kivuva alifikiria kuutaja upepo. Alifikiria kulitaja jua.

“Sikuwa tayari,” akasema.

Ndanu akamtazama usoni kana kwamba kuna mtu amebisha hodi kutoka huko ndani. Tangu waoane alikuwa amemsikia akisema mengi, lakini hilo hakuwahi. Akamshika mkono, mbele ya kwaya na mbele ya mwenye kampuni, jambo ambalo hawakulizoea, nao wakaelekea langoni. Walikwenda polepole, ingawa jua lilikuwa kali na njia ya Mbotela ndefu.