Mjane Asiyepiga Magoti

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mama Beatriz alikoroga uji wa wanafunzi, nami nilikaa kando ya sufuria nikimsomea maneno yake katika mchezo wetu wa kuigiza wa Saba Saba. Hakujua kusoma. Nilisema mstari, akaurudia huku mwiko ukizunguka.

"Mwalimu, una sauti ya panya ghalani," alinitania. "Siku hiyo, ukininong'onezea nyuma ya pazia, nitakusikia?"

Asubuhi moja mwalimu mkuu, Bwana Erasto, aliingia jikoni na daftari langu mkononi. Nilikuwa nimeandika habari za mjane anayekataa kurithiwa na shemeji yake, na mwishoni anaondoka zake ameinua kichwa. Bwana Erasto alisema mchezo una kanuni zake: mkosaji hupiga magoti, huomba radhi, kisha watu huimba. Mgeni rasmi hawezi kuja kuonyeshwa mwanamke mkaidi. Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu." Hata chuoni sikuwahi kunyoosha mkono.

Mama Beatriz aliendelea kukoroga uji. Alikuwa mjane mwenyewe. Alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na mabinti wawili baada ya kumkataa shemeji yake. Juma zima nikamfundisha mstari mpya wa kuomba radhi, nikiona haya kumtazama usoni.

Siku ilipofika, uwanja wa Likombe ulijaa. Nilijibanza nyuma ya pazia la kanga. Mwalimu Filipo, aliyeigiza shemeji, akaamuru mjane apige magoti. Mama Beatriz akasimama kimya, akingoja ninong'one mstari wake. Midomo yangu haikufunguka. Bwana Erasto akakohoa. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama mjane kasinzia.

Ndipo nikakumbuka. Jana yake, akipakua uji, aliusema mstari ule wote peke yake, mimi nikiwa mlangoni. Aliujua. Hakuwa amesahau, alikuwa ananingoja mimi.

Wengi nawashukuru kwa walichonipa. Yeye namshukuru, hadi leo, kwa kukubali kuchekwa na uwanja mzima ili nipate nafasi.

Nikasogeza kanga, nikatoka. Aligeuka kunitazama, akainamisha kichwa kidogo kukubali, kama afanyavyo uji ukiiva.

"Asipige magoti," nikasema, na sauti ikafika hadi meza kuu. "Sikuandika hivyo. Mama huyu hana kosa."