Mtungi wa Mafuta wa Meshulemeti

Kila Hogla alipouza bakuli kwa Mzee Helkai, bakuli lilirudi. Lilirudi limeviringishwa kitambaa, na aliyelirudisha alikuwa mke wa mzee mwenyewe, Meshulemeti, ameshika kwa ncha za vidole viwili, pua imekunjwa. Analiweka kizingitini, anajipangusa mikono, halafu anasema kwa sauti ya kufika hadi kisimani:

"Samahani, shoga. Tumbo langu halipokei."

Tumbo lake! Tumbo lililopokea kondoo mzima kila sikukuu, leo limekuwa na adabu!

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miaka miwili nyuma, shimo la udongo lilimporomokea mume wa Hogla, mfinyanzi wa pekee wa Beth-Garebu. Hogla alimfukua kwa mikono yake, akamwosha, akamzika. Akakaa mbali na watu siku saba, akanyunyiziwa maji ya utakaso siku ya tatu na siku ya saba, akafua nguo, akaoga, jua likazama, akawa safi kama mtu yeyote. Ndivyo sheria ilivyo, na kila mtoto wa vilima vya Yuda anaijua. Kisha akakaa kwenye gurudumu la marehemu akaanza kufinyanga, na vyombo vyake vikawa vizuri kuliko vya mumewe. Hapo ndipo Meshulemeti alipoanza kunong'ona kwamba mikono iliyoosha maiti haitakati, kwamba uji kwenye chungu cha Hogla unanuka kaburi. Uongo mtupu. Lakini watu wakaanza kunusa bakuli zao, na mtu akishaanza kunusa, harufu haikosi.

Mwisho wa yote, wazee wakaamua kwamba kwenye karamu ya zeituni, Mlawi Yahathi, mtumishi wa hekalu, atakapokuja kuchukua sehemu ya kumi ya mavuno, suala litakwisha. Ama Hogla asafishwe jina, ama tanuru lake libomolewe na vyombo viletwe kutoka ng'ambo ya bonde. Tanuru hilo lilijengwa na baba mkwe wake. Lilikuwa ndilo mkate wake, na ndilo jina lake pia. Bila hilo angebaki mjane wa kuokota masuke nyuma ya wavunaji.

Na sikiliza ajabu. Mafuta ya karamu, ya kijiji kizima, yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani kwa Meshulemeti ndani ya mtungi uliofinyangwa na nani? Na Hogla huyohuyo. Mtungi mkubwa wa kumfika mtu kifuani, umepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa kokoto mpaka unang'aa. Meshulemeti alidai kwamba ni kazi ya marehemu. Shina la kila mkono wa mtungi lilikuwa na alama ya kidole gumba, kijidole chembamba cha mwanamke, lakini nani aliinama kutazama?

Asubuhi ya karamu Meshulemeti alituma mtu kumwita Hogla aje na donge la udongo mbichi, eti kifuniko cha mtungi kimelegea. Hogla akaenda. Alipita uani kwa nyuma, miguu yake bado ina matope ya kukanyaga udongo, hivyo hakusikika. Akasimama mlangoni pa ghala. Na hapo aliona jambo ambalo hakuweza kulitoa kichwani mwake tena.

Meshulemeti alikuwa amekunja mkono wa joho hadi kwapani. Kifuniko kilikuwa sakafuni. Bila shaka kilikaa hapo siku nyingi, maana mama huyu alikuwa na tabia ya kuchota mafuta kidogo kidogo ya kupaka nywele. Mkono wake ukazama mtungini, ukatafuta, ukatoka na panya. Panya mfu, amevimba, manyoya yanachomoka na kubaki vidoleni. Mdomo wa panya ulikuwa wazi. Mafuta yakamtiririka puani.

Mtu mwingine angepiga ukelele. Meshulemeti alifanya nini? Alimkamua! Wallahi, alimkamua panya kama mtu anavyokamua kitambaa cha kufulia, juu ya mdomo wa mtungi, tone lisipotee. Akamrusha nje ya ukuta, mbwa akabweka. Kisha akatazama vidole vyake vilivyojaa mafuta, akaona haifai kuvipangusa bure, akavipitisha kwenye nywele zake.

Hogla akarudi nyuma hatua moja.  Donge la udongo likamponyoka, likaanguka, pwa!

Meshulemeti akageuka.

"Umefika lini wewe?"

"Nimefika wakati wa panya."

"Panya gani?"

"Huyo uliyemkamua, mama. Na kichwani una manyoya yake."

Meshulemeti akapapasa nywele haraka. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo lilimtia Hogla kinyaa kuliko panya mwenyewe.

"Sasa sikia, shoga yangu. Mtungi huu ni jasho la kijiji kizima. Nikisema kuna kitu kimeingia, mafuta yamwagwe, mtungi uvunjwe, mume wangu aaibike mbele ya Mlawi. Kwa kajipanya? Kameshatoka! Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

"Wewe una tanuru. Unalitaka? Leo nitasimama mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, nikutakase mbele ya wazee wote. Ziba hicho kifuniko, na mdomo wako uzibe hivyohivyo."

Hogla akainama, akaokota udongo wake, akaziba kifuniko.

Ndiyo, aliziba. Tusimpake mafuta, na mafuta yenyewe ndiyo hayo. Aliziba kwa ustadi wake wote, akalainisha ukingo kwa kidole gumba, akaondoka kichwa chini. Njiani akatapika kando ya ukuta wa shamba la mizabibu. Akajinusa mikono. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, aliona kweli inanuka.

Nyumbani alimkuta wifi yake Atara, dada wa marehemu, anakanda unga.

"Mbona umekuwa kijani kama nyongo ya mbuzi?" akauliza Atara.

Hogla akamweleza yote. Atara akaacha kukanda, akatazama mikono yake, akatazama kibuyu kilichokuwa kando.

"Mafuta haya nimeletewa na mtumishi wa Meshulemeti sasa hivi. Kila nyumba imeletewa, tuoke maandazi ya karamu." Akanusa unga. "Uwi! Uwi, wifi, nimeonja!"

"Nyamaza!"

"Ninyamaze na panya yuko tumboni?" Atara akatema mate mara tatu, akafuta ulimi kwa upindo wa nguo. Kisha akatulia, akafikiri. "Lakini tanuru, wifi. Tanuru la baba yangu. Ukisema, nani atakuamini? Mwenye mikono ya maiti anamsingizia mke wa mzee? Watalibomoa leoleo. Acha wale. Matumbo ni yao."

"Na sisi?"

"Sisi tutasema tumefunga." Akaumwaga unga nje kwa mbuzi. Mbuzi akala bila wasiwasi wowote.

Alasiri watu walijaa uani kwa Mzee Helkai. Mtungi ulisimama katikati, umevishwa shada la majani ya mzeituni kama bibi harusi. Meshulemeti alikuwa akichota kwa kata na kugawa: huyu kibuyu, yule chungu, huyu kikombe cha kupelekea mama mgonjwa. Watu wakachovya mikate, wakasifu. "Mafuta ya mwaka huu yana utamu wake!" alisema mzee mmoja, kidevu kinateleza. "Yana unono!" akaitikia mwenzake. Mtoto mmoja akalamba sahani mpaka ukingoni. Hogla alikaa karibu na lango, akitazama midomo inayong'aa, ikifunguka, ikifumba, ikitafuna. Kila mdomo ulimkumbusha ule uliokuwa wazi mkononi mwa Meshulemeti.

Ndipo Meshulemeti aliposimama, akaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu, Mlawi wetu Yahathi, mimi ni mtu wa kusema kweli. Nilikuwa na shaka juu ya mjane huyu. Lakini nimemchunguza. Ni msafi. Ni mkimya. Tanuru lake libaki."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nani tena angekuwa na shaka, ikiwa pua kali kuliko zote imeridhika? Mlawi Yahathi, mzee mpole mwenye macho mekundu ya safari, akamega mkate, akauchovya, akamnyooshea Hogla.

"Basi, binti yangu. Kula mbele yetu, jambo liishe."

 Atara, upande wa pili, alikuwa akimtolea macho: kula, kula, meza tu! Hogla akaupokea mkate. Ulikuwa mzito, unadondoka. Tanuru lilikuwa ndani ya tonge lile, na baba mkwe, na kuni za msimu ujao, na uzee wake. Akalileta mdomoni. Mdomo ukafunguka nusu. Na hapo akaona, umenata juu ya mkate, unyoya mmoja mfupi wa kijivu.

Koo lake likakataa. Si moyo, wala ushujaa, jamani, koo tu.

"Siwezi," akasema. "Mna panya humu."

"Mna nini?"

"Panya. Alikufia mtungini. Mama huyu alimtoa asubuhi, akamkamua. Nilikuwa mlangoni."

"Mwongo!" Meshulemeti akaruka. "Mnaona? Mnaona uchafu wa moyo wake? Nimemtetea sasa hivi, ananitapikia! Mikono ya maiti hiyo!"

"Mpumbavu!" mtu akapiga kelele. "Umeshasamehewa, unatafuta nini tena?"

"Panya yuko wapi? Tuonyeshe!"

Hogla hakuwa na panya wa kuonyesha. Mbwa alishammaliza. Alitazama mtungi, kazi bora kuliko zote alizowahi kutoa motoni, siku arobaini za udongo, kivuli na kokoto. Akachukua mchi uliokuwa kando ya kinu, akauzungusha kwa mikono miwili, akaupiga mtungi tumboni.

Mafuta yakabubujika kama mto. Watu wakaruka juu ya mawe. Na yalipokwisha kupita, pale chini, kwenye kitako cha mtungi kilichobaki kimesimama kama bakuli, wakaonekana panya wawili wengine. Walikuwa wamelowa muda mrefu zaidi. Mmoja hakuwa na umbo tena.

 Yule mzee wa utamu wa mwaka huu akainama, akarudisha utamu wote miguuni mwake. Mlawi akafuata, ameshikilia ndevu zake. Ua mzima ukawa unakohoa, unatema, unakwangua ulimi kwa kucha, na harufu iliyopanda hapo sitaieleza, kuna watu wanakula.

Yahathi alipopata sauti, alisema lile ambalo kila mtu alilijua: mzoga huchafua chombo cha udongo, na hakioshwi. Kila chombo cha udongo kilichotiwa mafuta yale, kivunjwe. Kila jiko lililooka maandazi yale, libomolewe. Vyungu, bakuli, vikombe, mitungi. Leo, kabla ya jua kuzama.

Mama mmoja mwenye chungu kwapani akamgeukia Hogla. "Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Ungesema asubuhi, ungevunjika mtungi mmoja. Maandazi yasingeokwa. Mama yangu mgonjwa asingekunywa."

 Maneno yale yalikuwa kweli, na yalimwingia Hogla. "Nililitaka tanuru," akasema.

Mama yule akamtemea mate miguuni, akaenda kuvunja chungu chake.

Jioni ile Beth-Garebu ilisikika kama mvua ya mawe. Karibu kila kilichovunjwa kilikuwa na alama ya gumba lake. Hakuna aliyekumbuka kubomoa tanuru.

Na hata wangekumbuka wasingethubutu, kwa sababu siku ya tatu walikuwa wanakunywa maji kwa viganja, na wote wakaja kwa Hogla. Walikuja bila tabasamu, wakasema idadi ya vyombo tu, wakaondoka. Hogla alikanyaga udongo tangu alfajiri. Udongo mtupu hupasuka motoni, na kila mfinyanzi anajua dawa yake: vigae vya zamani visagwe unga, vichanganywe. Vigae havikukosekana.

Wa mwisho kuja alikuwa Meshulemeti. Nywele alikuwa amezinyoa. Alisimama nje ya kizingiti, mikono mitupu, bila kitambaa.

"Nahitaji mtungi," akasema.

"Kwa mikono hii?"

Meshulemeti akaitazama. "Kwa mikono hiyo."

Hogla akaufinyanga, mdogo wa kubebeka. Hakuufanyia vibaya hata kidogo. Aliusugua kwa kokoto ileile mpaka ukang'aa. Siku ya kuuchukua, Meshulemeti aliupapasa, akainama, na kwa mara ya kwanza akaitazama alama ya gumba penye mkono wa mtungi. Kisha akaona chembe nyekundu nyekundu ndani ya ukingo.

"Hizi ni nini?"

"Vigae. Huchanganywa udongo usipasuke."

"Vigae vya nini?"

"Vya mtungi wako ule."

Meshulemeti akauachia kama umemuunguza. Hogla aliudaka.

"Usiogope, mama. Muulize Mlawi. Chombo kikivunjwa uchafu wake umekwisha, vigae havina neno. Ni safi kabisa." Akamwekea mtungi mikononi, akamkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja. "Mtungi mwingine sina. Tumbo lako litapokea?"

Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wanawake tisa, kila mmoja anasikia.

"Litapokea," akasema Meshulemeti, akaondoka nao, ameukumbatia, uso ameugeuzia pembeni.