Mgonjwa wa Kuigiza

Dada yake Fundi ndiye aliyeliona tangazo, akalisoma kwa sauti huku akicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Chuo cha matabibu kilitafuta watu wa kujifanya wana maumivu sugu, yale yasiyoisha mwezi wala mwaka, ili wanafunzi wajifunzie kwao kabla ya kukabidhiwa wagonjwa wa kweli.

"Haya, mdogo wangu, riziki imekufuata mlangoni," alisema. "Miaka sita unatuigizia bure humu ndani. Nenda ukalipwe!"

Fundi alicheka naye, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Watu walimwita Fundi bado, ingawa cherehani yake ilifunikwa shuka tangu mgongo ulipomkatalia. Alipigwa picha mbili hospitalini, zote zikatoka safi. Tangu hapo dada yake, aliyekaa naye nyumba moja baada ya wote wawili kufiwa na waume, alikuwa na msemo wake: "Mgongo wako una ratiba. Unauma siku ya kufua tu." Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyefua, akapika, akapiga deki. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Fundi alichoka kuonekana mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitaka mtu mmoja tu amwamini.

Akaenda. Fomu ya chuo iliuliza: una ugonjwa wowote? Akaandika hapana, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa haraka haraka, viatu vyake vilisikika kabla yake. Chumba cha mazoezi kilikuwa na kitanda cha kupimia, meza, viti viwili, na kioo kikubwa ukutani. Nyuma ya kioo hicho ndiko alikokaa yeye na karatasi ya alama, akiona kila kitu bila kuonekana. Alimpa Fundi maelezo ya kukariri: mama wa makamo, mgongo, miaka mitano. Kisha wakajaribu.

"Mama, huonekani mgonjwa," mkufunzi alilalamika. "Umekaa tu kama unangoja chai. Guna! Shika kiuno! Kunja uso!"

Fundi alitaka kumwambia kwamba mtu aliyeumwa miaka sita haguni, kwa sababu kuguna kunachosha na watu wa nyumbani wameshachoka kusikia. Lakini angesemaje, naye kwenye fomu ni mzima wa afya? Akaguna. Aliguna hadi akajionea aibu, na mkufunzi akafurahi.

Siku ya mtihani mwanafunzi wa kwanza alimuuliza maumivu ni kiasi gani kati ya sifuri na kumi, akaandika saba, akaandika dawa, akaaga. Wa pili, binti mwenye sauti ya upole, aliinua picha aliyoandaliwa na kutabasamu. "Habari njema, mama. Picha ni safi, huna tatizo lolote." Maneno yale yalimchoma Fundi palepale yalipomchoma mara ya kwanza. Alijikaza kisabuni, akaguna kama alivyofundishwa.

Wa tatu alikuwa kijana mrefu aliyekwisha kufeli mtihani huo mara moja. Kabla hata hajasalimia, kalamu ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pa Fundi.

Fundi akainuka kumwokotea, bila kufikiri, akasahau kabisa kwamba anaigiza. Aliweka kiganja mezani kwanza. Akabana pumzi, akashuka kwa magoti badala ya mgongo, akapanda polepole, akamkabidhi kalamu kwa tabasamu. Hakutoa sauti yoyote.

Wakaanza. Kijana akauliza, Fundi akajibu na kuguna. Kwenye swali la nne kijana akaweka karatasi chini.

"Nisamehe, mama. Kwenye kuguna sikukuamini," alisema. "Lakini kwenye kalamu nimekuamini."

Nyuma ya kioo kiti kilikwaruza sakafu.

"Tangu mgongo uanze, umeacha kufanya nini unachokipenda?"

Swali hilo halikuwamo kwenye maelezo. Fundi alifungua mdomo atafute jibu la kukariri, machozi yakamtangulia. "Kushona," alisema, na mengine yote yakafuata.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. "Maumivu yako ni ya kweli, hata kama picha ni safi," alisema. "Mwili unaweza kuwa kama kengele ya mlango iliyokwama. Mgeni keshaondoka, yenyewe bado inalia. Siwezi kukuahidi kuizima, ila tunaweza kuipunguza sauti. Anza na dakika kumi za cherehani, basi. Usingoje mgongo ukusimamishe, simama wewe kwanza. Na tafuta mtu wa kukushikia saa, maana mafundi hamjui kuacha mshono njiani."

Mkufunzi aliingia mbio. "Mama, unaumwa kweli?"

"Miaka sita, mwalimu. Nilidanganya kwenye fomu."

Mkufunzi aliketi juu ya kitanda cha kupimia, haraka zake zote zimemwishia. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika: *mgonjwa anasahau kuigiza*. Akaikata sentensi hiyo. Akampa kijana alama za kufaulu. Akamwambia Fundi kwamba sheria ni sheria, mgonjwa wa kweli hawezi kuigiza. Kisha akamwomba arudi wiki ijayo, akae naye nyuma ya kioo, amwonyeshe yale asiyoyaona.

Dada yake alikuwa uani na beseni la nguo.

"Nimefukuzwa kuigiza," Fundi alimwambia.

"Nilijua tu! Umeharibu nini?"

"Wamegundua naumwa kweli."

Dada hakucheka. Alilitua beseni chini, akajifuta mikono, akaingia ndani.

Fundi alimkuta ameshaondoa shuka kwenye cherehani na anafuta vumbi kwa upindo wa khanga. Akamweleza habari ya dakika kumi. Dada akaleta saa ya mezani na gauni lake lililofumuka bega, akavuta kigoda. Sindano ikaanza kukimbia. Fundi alifurahi hadi akasahau kila kitu.

"Kumi zimeisha."

"Ngoja nimalizie bega hili, dada. Bado kidogo tu."

"Bega litangoja," dada alisema, na mkono wake ukashika gurudumu la cherehani. "Simama, mdogo wangu. Sitaki uumie."