Orodha ya Marubani wa Mawingu

Barua ile niliipiga taipu mimi, Saoudat, katibu wa Mawingu, kampuni ya ndege za mizigo ya Moroni, na kosa lililokuwamo ni langu. Tangu mwaka ule wa 1983 wenzangu wamekuwa wakinitetea, eti tulikosea sote. Waache. Vidole vilikuwa vyangu.

Mawingu ilikuwa na ndege mbili kuukuu na marubani wanne. Tulibeba vanila, karafuu, mchele na dawa, na siku za sikukuu mbuzi, kati ya kiwanja chetu cha Hahaya na kile cha Ouani kisiwani Ndzuani, na mara nyingine mpaka Majunga kule Madagaska. Rubani mkubwa alikuwa Kapteni Moindjié. Aliingia kazini mwaka 1969, na mwaka 1975, mwenye kampuni wa wakati huo alipotaka kuleta marubani wa muda, Kapteni alikaa naye siku tatu bila kuinuka mpaka wakatia saini mkataba. Mzigo wa Mawingu urushwe na marubani wa Mawingu. Asiachishwe mtu kazi wakati mtu mwingine anaurusha mzigo huo. Na ikibidi kupunguza watu, aanze aliyeingia mwisho. Kwa sababu ya karatasi ile marubani wetu walikuwa wakilala usingizi.

Baadaye Bwana Djaanfar, mfanyabiashara wa Mutsamudu, mji wa Ndzuani, akainunua Mawingu. Sawa, mali hununuliwa. Lakini mwaka haujaisha akafungua kampuni nyingine huko kwao, akaiita Mlangilangi, kwa jina la mti wa maua ya manukato, yenye ndege nzuri kuliko zetu na marubani wa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwenye mali ni yuleyule, ghala ni lilelile, hata kufuli ni moja. Asubuhi moja pale Hahaya nikaona magunia yetu ya karafuu, yenye chapa yetu, yanapakiwa kwenye ndege ya Mlangilangi, na rubani wetu Chaher amesimama kwenye kivuli cha bawa, mikono nyuma, hana safari. Nikamfuata meneja. Akanijibu kwamba mkataba ni wa Mawingu, na ile ndege si ya Mawingu.

"Kwa hiyo karafuu zimehama kampuni zikiwa ndani ya gunia?" nikamuuliza.

Akaniambia nirudi kwenye taipu yangu.

Kugoma hakuna aliyethubutu kutaja. Wazungu wa Gadi ya Rais, wale mamluki waliotua mwaka 1978 wakaona wamefika kwao, walikuwa kila mahali na magari yao, na watu wa Moroni tulishazoea kushusha sauti hata tukizungumzia bei ya samaki. Kapteni Moindjié akasema tutaandika barua, tena ya adabu. Tukakutana ofisini, nyuma ya soko la Volo Volo, yeye akawa anasema nami napiga.

Barua ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ilidai kwamba ndege zote za mwenye mali mmoja zihesabiwe kuwa kazi moja, na marubani wa kampuni zote mbili wawekwe kwenye orodha moja, mwenye miaka mingi kazini juu na mgeni chini, ili asiwepo wa kutumiwa kumfukuza mwenzake. Kisha nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: "Orodha ya upande wetu ni hii hapa chini." Nikapiga majina manne ya kutia saini. Maoulida. Chaher. Elarif. Moindjié.

Msomaji asiyetujua sisi watu wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, atashangaa. Kwetu ukubwa hauji na miaka. Mtu aliyefanya anda, ile harusi kubwa ambayo mji mzima hulishwa siku nyingi, huyo ndiye mndrumdzima, yaani mtu mzima. Hukaa mbele, hutajwa kwanza, husema kwanza. Asiyefanya ni mtoto wa mji, hata kama mvi zimeshuka mpaka kwenye masikio. Kapteni Moindjié alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alisomesha wapwa sita, na anda hakufanya, wala hakuanza kuilipia kama Chaher na Elarif. Kwenye anda ya kaka yangu, mwaka uliotangulia, ndiye aliyepita na birika na beseni kuwanawisha wageni mikono, wakiwemo vijana aliowafundisha mwenyewe kurusha ndege.

Na kaka yangu ni Maoulida. Ndiyo, huyo wa kwanza kwenye orodha. Aliingia Mawingu mwaka 1981, nyuma ya wote, na kila alichokijua cha angani alifundishwa na Moindjié. Lakini alikuwa mndrumdzima, na kuliona jina la tumbo la mama yangu limekaa juu ya mengine kulinifurahisha, sifichi. Hakuna aliyeuliza kwa nini limekaa pale. Kapteni aliisoma barua, akasahihisha koma mbili, akatia saini yake chini kabisa, mahali pake.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Bwana Djaanfar amekubali! Kazi moja, orodha moja. Nilipiga kelele ya furaha hadi wauza vitambaa wa dirishani wakachungulia. Halafu nikafunua ukurasa wa pili. Kwa kuwa kampuni sasa zinahesabiwa pamoja, iliandikwa, wale wa mikataba ya miezi mitatu wataachwa na ndege moja kuukuu itaegeshwa, lakini bado rubani mmoja wa Moroni amezidi. Kwa kufuata orodha mliyoileta wenyewe, atapunguzwa aliye wa mwisho, Bwana Moindjié. Alhamisi marubani wote wafike Mutsamudu kutia saini mkataba mpya.

Nikatoa nakala ya barua yetu, nikayatazama yale majina manne. Mtu wa Ndzuani, ambako ukubwa hauhesabiwi kama kwetu, angejuaje? Aliona majina yamepangwa, akaamini yamepangwa kwa kazi, kama barua yenyewe ilivyodai.

Nikampelekea Kapteni karatasi mkononi, nikamwambia niko tayari kuandika nyingine dakika hiyohiyo. Akaikunja mara mbili.

"Hapana, mwanangu. Nimeisaini kwa mkono wangu. Nikamwambie nini Bwana Djaanfar? Kwamba mndrumdzima wetu ni mwanafunzi wangu? Nimvue mtu nguo mbele ya wageni kwa ajili ya tumbo langu?"

"Kapteni, ni miaka kumi na minne!"

"Naijua. Niliikaa mimi."

Akachukua kofia yake akaenda kuangalia matairi ya ndege. Nilimchukia kwa nusu saa, na baada ya hapo nikawa najichukia mwenyewe tu.

Jioni hiyo kaka alikuja nyumbani kumwona mama. Nyumba zetu ni za wanawake; mwanamume huoa akahamia kwa mkewe, lakini kwao hubaki kwao, na Maoulida hakupitisha siku mbili bila kuja. Nilimvuta uani.

"Kaka, nenda ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Unajua."

Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akasugua uso kwa viganja. "Wifi yako Zoubeida ana mimba ya miezi saba, Saoudat. Anda haijatimiza hata mwaka. Nikasimame mbele ya watu wa Mutsamudu niseme mimi ndiye wa mwisho, kisha nirudi kukaa mbele kwenye uwanja wa mji, sina kazi? Wataniita mkubwa wa nini?"

"Na Kapteni wamwite nani?"

Alianza kukung'uta vumbi la kinu kwenye suruali. Nami nilikuwa na ulimi mchungu wa kumwambia mengi, ila nilimwona jinsi alivyojaa huzuni, kaka yangu huyu aliyenibeba mgongoni kunipeleka madrasa siku za mvua, nikayameza. Usiku nilifungua kabati la ofisi kichwani mwangu mara mia. Kadi za ajira zilikuwa mikononi mwangu, tarehe ya kila rubani imegongwa muhuri. Ningeweza kuzipeleka. Ningeweza pia kuziacha, na kaka angebaki na kazi, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole.

Alhamisi Kapteni Moindjié alitupeleka Ndzuani yeye mwenyewe, na Maoulida kwenye kiti cha msaidizi. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya mchele, na kadi nne ndani ya mkoba. Nilikuwa bado sijaamua. Watu hudhani nilikwenda nimeamua.

Ofisi ya Bwana Djaanfar ilikuwa ghorofani, madirisha yakitazama bandari ya Mutsamudu, na makelele ya wapagazi yaliingia ndani na harufu ya langilangi kutoka ghalani. Mwenyewe alikuwa mzee mnene, mpole, aliyetutilia chai kwa mkono wake. Aliishi Zanzibar miaka tisa, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili ili lahaja zetu mbili zisituchoshe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaninyima nafasi.

"Karibuni wanangu. Mlitaka orodha moja, nimewapa. Kabla hatujatia saini, kuna mwenye neno?"

Kwa desturi yetu neno la kwanza ni la mndrumdzima, na akishasema yeye, wengine wataongeza tu, hawapingi. Macho yote yalimgeukia kaka. Maoulida alikohoa. Alimshukuru Bwana Djaanfar, akamtakia afya, akamwombea baraka katika biashara. Kisha akachukua kikombe chake cha chai. Chaher akatazama viatu vyake. Elarif akatazama viatu vya Chaher. Kapteni Moindjié aliweka kikombe chini taratibu kabisa, asije akakigonga, akanyoosha mkono kuchukua kalamu atie saini. Mkono ule niliwahi kuuona ukishusha ndege Hahaya kwenye upepo wa kuangusha minazi.

Hapo ndipo nilipoamua. Au sikuamua, nilikasirika tu.

"Mimi nina neno," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa mno. Mwanamke, katibu, ambaye hata kikombe cha chai alipewa baada ya wote. Nilitoa kadi, nikasimama, nikasoma. "Moindjié, mwezi wa Machi 1969. Chaher, mwezi wa Juni 1974. Elarif, mwezi wa Januari 1977." Ya nne ilinikwama. Nilimtazama kaka ili anizuie. Lau angetikisa kichwa kidogo tu, Mungu anisamehe, ningekaa chini. Hakutikisa. "Maoulida, mwezi wa Septemba 1981. Orodha ya kwenye barua niliipanga mimi, Bwana, kwa heshima ya mjini kwetu, si kwa kazi. Huyu unayempunguza ndiye aliyewafundisha hawa wote."

Bwana Djaanfar alizichukua kadi, akazisogeza mbali na macho, akazirudia. "Lahaula," alisema kwa upole. "Na nyinyi mkakaa kimya?" Akamgeukia kaka. "Ni kweli, mwanangu?"

Maoulida alisimama. Uso ulimwiva, na jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati.

"Ni kweli. Ilinipasa kusema mimi, nikamwachia dada yangu. Niondolewe mimi."

Mzee alikata jina moja kwa kalamu akaandika jingine. Sekunde tatu, nne hivi. Nilitegemea kujisikia nimefanya jambo la haki, na nilichokisikia ni maumivu matupu.

Basi Kapteni Moindjié akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku ile. "Bado kifungu kimoja, Bwana. Asiajiriwe rubani mpya, Mawingu wala Mlangilangi, wala kampuni yoyote utakayoifungua kesho ukaipa jina la ua jingine, mpaka Maoulida awe ameitwa kwanza. Na akirudi, miaka yake aliyokwisha kufanya ihesabiwe."

Bwana Djaanfar akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Hilo la ua jingine umelijuaje?"

"Nimekaa na wenye kampuni kabla yako."

Kikaandikwa. Nilikipiga mimi pale pale, kwenye taipu yao ambayo sikuizoea, na safari hii nilikisoma mara tatu.

Kurudi, kaka hakwenda mbele. Alikaa nyuma pamoja nami, kati ya mapipa, na mlio wa injini ulitupa sote wawili kisingizio cha kutozungumza. Nilimgusa mkono mara moja. Hakuuondoa, lakini hakunishika.

Tulifika nyumbani chakula kikiwa tayari. Mama yetu, Koultoumi, alikuwa ameshasikia. Habari Moroni hazingoji ndege. Alisimama katikati ya ua na upawa mkononi, shingo imemsimama.

"Nani amemfukuza mwanangu? Niambieni jina lake. Mtu aliyefanya anda, aliyelisha mji huu, anafukuzwa kama kibarua? Nani?"

Nilivuta pumzi nijitaje. Kwa mama hakuna kosa kubwa kuliko la dada kumwangusha kaka yake, na nilijua huenda asiniangalie usoni mwaka mzima. Maoulida akanitangulia.

"Hakunifukuza mtu, mama," alisema. "Nilikuwa wa mwisho."

Alilisema mlango ukiwa wazi, na majirani wakisikia. Mama akageuka akaanza kupakua wali, na mimi nikaingia jikoni nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.