Vipande vya Silvana Vilivyofika Mollo

Alhamisi jioni Kristiana alikuwa anapepeta ulezi nyuma ya jiko lake, Mollo, kicheko cha binti yake kilipoingia uani. Kilipita kando ya mbuzi, kikasimama kidogo penye kamba ya nguo, kisha kikaingia jikoni. Kristiana akaweka ungo chini.

"Umefika salama?"

Kicheko kikacheka. Akakitandikia mkeka karibu na moto, maana upepo wa Juni hapa Ufipa hauna huruma, akarudi kwenye ulezi wake.

Silvana mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, kwenye Mwiko wa Dhahabu, shindano la kupika linaloonyeshwa kwenye televisheni kila Jumatano. Kabla ya hapo aliuza chakula stendi ya Sumbawanga, wali na perege wa kutoka Muze, na madereva wa malori walikuwa wakiegesha mbali ili waje kula kwake. Alikwenda kwa sababu mshindi hufunguliwa mgahawa. Alikuwa na mchumba, Meshack wa Muze, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Mama yake hakuwa na haja na mgahawa. Alitaka kitu kimoja tu: ashinde, ashindwe, lakini arudi kama alivyoondoka.

Jumatano mtaa mzima ulihamia kwenye kibanda cha Yonas, mwenye televisheni kubwa. Watu walikuwa wameshajua namna ya kumtabiri mshindi. Hawakuangalia chakula. Waliangalia picha zilivyokatwa.

"Anayeonyeshwa akimpigia mama yake simu, huyo leo hatoki," alisema Yonas.

"Na anayelia?"

"Inategemea. Akilia na kinanda kinapigwa, anabaki. Akilia bila muziki, aanze kufunga begi."

"Na Silvana wetu? Mbona haongei?"

"Ataongea wapi?" alisema Oswaldi, mdogo wake Kristiana. "Yule msichana wetu hapo stendi alikuwa anaongea mpaka na sufuria. Wamemkata."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila walichokikata Dar, siku ya pili yake kilishuka Mollo. Baada ya kicheko ilikuja chafya, halafu nusu ya wimbo wa kuvunia, halafu maelezo marefu ya namna ya kusonga ugali wa ulezi usishike mabonge. Kristiana alivipokea vyote. Maelezo ya ugali aliyasikiliza mpaka mwisho, ingawa ni yeye aliyemfundisha.

Kisha kikaja kipindi ambacho Silvana alionyeshwa vizuri.

Alionekana amechuchumaa, macho chini, akipiga makofi ya polepole kwa viganja vilivyokunjwa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Makofi yalipunguzwa kasi kuliko mikono ya binadamu inavyoweza. Chini ya picha waliweka mlio wa ngoma. Kisha wakaonyesha sufuria ya Lydia, msichana wa Arusha, ikifurika na kuzima jiko, Lydia akipiga yowe. Halafu yakaja maandishi: Silvana, Sumbawanga. Halafu ikapiga radi.

Kila mtu mle kibandani alikuwa amewahi kuchuchumaa hivyo kumsalimia mtu anayemheshimu, tangu alipoanza kusimama.

Radi ile watu wa Ufipa wanaijua. Walimu waliopangiwa huku walilia mbele ya maofisa wao wakiomba wapelekwe kokote kwingine. Makarani walishuka kwenye basi na chupa za maji ya baraka, wakakaa miaka, wakajenga, wakala mahindi yetu, na wakirudi kwao likizo wakasimulia mambo ya uchawi ambayo hawakuyaona. Watoto wetu waliosoma shule za mbali waliulizwa ungo wao unatumia petroli au dizeli, na waliocheka ndio waliopata marafiki. Hakuna aliyewahi kuomba radhi. Na hakuna aliyesahau, hata kama hatusemi.

Alhamisi salamu ilifika ikiwa nzima. Ilifika pamoja na yule aliyesalimiwa, jaji mzee wa shindano, au angalau sauti yake, ambayo nayo ilikuwa imekatwa. "Asante mwanangu," sauti ilisema mlangoni. "Umelelewa." Nyuma yake ikafuata sauti ya Silvana akimweleza mpiga picha, mara ya kwanza kwa upole, mara nyingine kwa sauti ya kukatika: "Nimeshakwambia kaka, ni salamu tu. Ni salamu."

Oswaldi alipiga simu kwenye kampuni inayotengeneza kipindi. Akapokelewa na dada mwenye sauti nzuri.

"Hatujadanganya kitu, mzee wangu. Kila ulichokiona, alikifanya."

"Na ambacho sikukiona?"

"Hicho hakikurushwa."

"Hicho kiko hapa kwa dada yangu. Kinakula."

"Basi tunashukuru kwa ushirikiano," alisema yule dada, akakata.

Wazazi wa washiriki walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Baba mmoja wa Singida alipokea mizaha yote ya mwanawe, mpaka nyumba ikawa haina pa kukaa. Mama mmoja wa Kilwa alipata kilio cha usiku mzima, akakihifadhi ndani ya mtungi. Kristiana alimpigia mama yake Lydia.

"Mama Lydia, habari za Arusha?"

"Nzuri tu, mama Silvana. Pole na maneno ya watu."

"Nimeshapoa. Nilitaka kuuliza, kwenu kumefika chochote?"

"Chochote cha nini?"

"Cha mtoto. Hata kikohozi."

Mama Lydia alifikiri. "Hapana. Kwetu kimya kabisa."

"Basi hongera, mwenzangu. Mtoto wako ndiye mshindi."

"Jamani, asante. Na wako?"

"Wangu jiko limejaa."

Yonas alikubaliana naye, ila akaongeza kwamba Silvana hatatolewa karibuni. "Mchawi hatolewi mapema. Wanamtunza mpaka mwisho, ili yule mwema apate mtu wa kumshinda." Na kweli, kila Jumatano Silvana alibaki, na kila Alhamisi alizidi kurudi nyumbani.

Meshack alikuja na baba yake mdogo, Polikarp. Walikaa sebuleni. Kicheko kilimtambua Meshack, kikaenda kukaa karibu naye, naye akatabasamu kabla hajakumbuka kilichomleta.

"Mama," alisema, "mimi Silvana namjua."

"Anayemjua ni wewe," alisema Polikarp. "Wanaotazama ni nchi nzima. Mkwe wa namna hiyo, mtoto akiugua pale nyumbani ataulizwa nani?"

"Lakini baba, si yuko hapa? Si unamsikia?"

"Namsikia. Ana kicheko kizuri." Polikarp akasimama, akavaa kofia yake. "Twende, giza linaingia."

Jumapili, baada ya misa, wasichana walimsalimia Kristiana kwa kumpa mkono, kama wafanyavyo watu wa benki. Wiki iliyofuata na wenye umri wake wakampa mkono. Mmoja tu, kikongwe wa nyumba ya pili, alianza kuchuchumaa, na mjukuu wake akamwinua haraka akisema, "Bibi, hapana. Watu wanatazama."

Lydia alishinda. Silvana akawa wa pili. Kwa kuwa vipande vya nyumbani vilikuwa vingi kuliko vilivyorushwa, vilishaanza kushikana vyenyewe. Kwanza mikono, kwa ajili ya salamu na mwiko. Kisha shingo, mabega, mwendo. Siku ya fainali jikoni palikuwa na msichana mzima, anayetosha kutumwa dukani, ila hawakumtuma.

Yule wa Dar alishuka stendi akiwa na begi na simu. Alitembea polepole, akitazama watu kwa pembe ya jicho. Kristiana alimkumbatia. Alikuwa mwepesi kama gunzi.

"Karibu nyumbani mwanangu."

"Sikuja hapa kutafuta marafiki," alisema Silvana.

"Najua. Umekula?"

"Kila mtu atajua mimi ni nani."

Ndiyo maneno waliyomwachia. Mama yake alimwongoza mpaka jikoni, akamweka mbele ya mwenzake, akatoka nje na kufunga mlango, kwa matumaini kwamba watashikana. Akasubiri na Oswaldi penye ukuta. Ndani, msichana wa nyumbani alichuchumaa akapiga makofi, kumkaribisha mgeni. Walisikia stuli ikianguka. Walipofungua, Silvana wa Dar alikuwa amejibanza pembeni, mikono usoni, na hofu ileile ya Lydia siku ya sufuria.

"Mwambie aache," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza ambalo halikuwahi kurushwa. Halikupata la pili.

Hawakushikana. Waliishi nyumba moja kwa muda, mmoja akipika, mwingine akikaa dirishani. Kisha kampuni ikapiga simu. Msimu mpya unaanza, watazamaji wanamuulizia, arudi vilevile alivyokuwa, asibadilishe kitu.

"Asibadilishe kwa kutumia nini?" aliuliza Oswaldi, lakini simu haikuwa yake.

Silvana alikubali. Hakukuwa na kazi nyingine aliyoweza kuifanya. Stendi alikuwa amejaribu siku moja, na wateja walikunywa soda za chupa tu, zile ambazo hazijafunguliwa. Alipanda basi la asubuhi. Majirani walikuja kumsindikiza, wakapiga naye picha, kila mmoja akisimama mbali kidogo.

Kristiana alirudi Mollo akakuta chakula kiko tayari. Msichana aliyebaki alikuwa amesonga ugali wa ulezi usio na bonge hata moja, amepasha maharage, na sasa alikuwa anafuta meza akiimba wimbo wa kuvunia, nusu ileile aliyokuwa nayo, kwa sauti ya mtu asiye na deni na yeyote. Aliimba vizuri. Sauti ilitoka dirishani ikavuka uzio.

Kristiana alinawa, akaketi. Akasikiliza kidogo. Kisha akainuka, akafunga dirisha.

"Punguza sauti, mwanangu," alisema. "Majirani watasikia."