Bendeji za Kathini

Zipu ya begi ilifunguka, ikanyamaza. Nikangoja kitandani. Ikafungwa tena.

Ilikuwa asubuhi ya kumi na mbili tangu lile pigano. Zamani zipu ikilia saa kumi na moja alfajiri, ningesikia komeo la mlango, halafu raba za mjukuu wangu zikikanyaga changarawe, akienda kukimbia na wenzake wa klabu ya ngumi. Sasa komeo halikulia. Kathini alikuwa akifungua begi, anaziangalia bendeji anazofungia mikono kabla ya kuvaa glavu, anazirudisha.

Kupigwa hakukumtisha. Aliogopa kupiga. Hata unga wa chapati aliukanda siku hizo kama unaoweza kulia.

Jumamosi ile ukumbini alipigana na Lenah, msichana wa mtaa wa Lucky Summer. Raundi ya pili Kathini alirusha konde la kulia, na Lenah akaanguka asiamke. Walimtoa kwa machela. Alilazwa siku mbili, kisha daktari akasema atapona, ila asikanyage ulingo kwa miezi mitatu. Watu walikuwa wamembeba Kathini juu wakiimba jina lake. Yeye alikuwa anaitazama ile machela.

Na kuna jambo ambalo mimi na yeye hatukuwa tumelitaja. Kabla hatujatoka nyumbani siku hiyo, nilishika mikono yake ikiwa tayari imefungwa bendeji, nikaomba, "Bwana, huyo mwingine aanguke, asiinuke." Kathini akasema amina. Tangu siku hiyo hakuniruhusu kuishika mikono yake kwa maombi.

"Kathini," niliita gizani.

"Susu, lala." Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya.

"Silali. Kocha Ndirangu anataka jibu leo. Kama hupigani Jumamosi, nafasi anampa mwingine."

"Ampe."

"Mwambie mwenyewe, una mdomo."

Halafu akasema polepole, "Susu, wewe ulisema asiinuke. Mimi nikasema amina."

Nikaketi, nikatafuta kitambaa changu cha kichwa.

"Basi leo tunaenda kumwona Lenah."

"Wapi? Kwao? Watatufukuza!"

"Watufukuze tukiwa tumefika."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikuwa na maneno mengi. Nilimwambia Mungu kwamba naogopa, na kwamba nitaenda hivyo hivyo.

Kwetu huendi mikono mitupu kumwona mtu uliyemuumiza. Nilitia muthokoi kwenye kiondo, yale mahindi yaliyokobolewa. Jirani yangu Mbeti aliponiona nje akaniuliza niendako, nikamwambia. Aliingia kwake akatoka na mbaazi, akazimimina juu ya mahindi yangu, akanifungia kiondo vizuri. Sijamsahau kwa hilo.

Tulipofika Lucky Summer tulimuuliza njia fundi wa viatu. Aliweka kiatu chini, akakichukua kiondo changu, akatutangulia.

"Mnaenda kwa yule bondia? Pole yake. Kuna msichana alimzima kama taa!"

Kathini aliangalia chini.

"Ndiye huyu," nikasema. Nilikuwa nimeamua hatutajificha.

Fundi akasimama. Akamkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. "Huyu? Huyu mwembamba?" Halafu akatikisa kichwa. "Basi ni vizuri umekuja, dada. Mlango ni ule wa kijani."

Nilipiga hodi. Mama yake Lenah alifungua, unga mikononi. Nilimjua, maana siku ile ukumbini nilimsikia akilia. Jina lake Ayuma.

"Wewe ndiye Kathini," akasema.

"Ndiyo, mama."

Ayuma alimtazama, kisha akanitazama mimi na mvi zangu. "Siku kumi na mbili! Mlikuwa mnakuja kwa magoti? Ingieni, chai itapoa."

Lenah alikuwa kwenye kochi, pazia limefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho.

"Niaje, Mwiko," akasema.

"Mwiko?" Kathini akauliza.

"Si ulinipiga na mwiko wa ugali? Ile haikuwa ngumi."

Kathini alijaribu kucheka, akaishia kulia.

"Wewe usilie. Ukilia kichwa changu kinauma, na sitaki kumeza dawa nyingine."

Nilijua nikinywa chai kwanza nitakosa ujasiri. Kwa hiyo nilibaki nimesimama, nikawaambia maombi yangu yote, neno kwa neno. "Mtoto hana kosa," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtia amina mdomoni. Nimekuja kuomba msamaha."

Ayuma akanisogelea.

"Mama, unajua mimi niliomba nini? Niliomba wako ang'oke meno."

"Yote?" Lenah akauliza.

"Mawili tu ya mbele."

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, maana alikuwa anasema kweli.

"Sasa tuseme Mungu alikusikiliza wewe akaninyima mimi?" Ayuma akaendelea. "Hapana. Sote tulimpigia kelele tu. Nimekusamehe, mama. Nami unisamehe."

Tulishikana mikono, nikajaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Na mimi nilishusha mkono wa kushoto unaokinga uso," Lenah akasema. "Kocha wangu amenikemea mwaka mzima. Sasa niambie, Mwiko, Jumamosi unapigana?"

"Siwezi. Nikiinua mkono naona ukianguka."

"Mimi nikifumba macho naona taa za ukumbi. Usiku namwita Mama kama mtoto wa chekechea. Tunaomba, nalala. Kesho yake naogopa tena, tunaomba tena." Akanyoosha kiganja. "Toa bendeji."

"Sijazibeba."

"Unadanganya. Hakuna bondia anayetoka nyumbani bila bendeji."

Zilikuwa mfukoni mwa koti. Sikujua. Lenah alizikunjua, akaanza kumfunga. Kidole gumba kwanza, kisha kifundo cha mkono, kisha kati ya vidole, taratibu, kila mara akimuuliza kama imebana. Nilitazama mikono ya yule aliyeangushwa ikiihudumia mikono iliyomwangusha, na nikaweka kikombe chini.

"Shosh, shika huo mto wa kochi," Lenah akaniamuru, akitumia jina la vijana la kumwita nyanya.

"Mimi?"

"Daktari amenikataza mimi, wewe hajakukataza. Kifuani. Kaza. Mwiko, piga."

Kathini alirudi nyuma. "Siwezi kumpiga Susu!"

Nami niliogopa, sitaficha. Nina miaka sabini na mbili. Lakini nilimwangalia, nikaona kwamba nikiuweka mto chini, hatarudi ulingoni tena.

"Piga mto," nikasema. "Niliogopa mlango huu, nimeuingia. Piga."

"Macho wazi!" Lenah akasema.

Konde likaja, safi, katikati kabisa ya mto. Nilirudi hatua mbili nikaketi kwenye kochi bila kupanga. Kathini akapiga kelele, "Susu!"

"Niko hapa," nikasema. "Rudia."

Alipiga mara tisa. Halafu yeye mwenyewe akaninyooshea mikono yake, na bendeji zake. Nikaishika. Ayuma akaweka mkono wake juu, na Lenah wake. Safari hii niliomba hivi: "Bwana, walinde wote wawili watakaoingia ulingoni. Mpe Kathini kutenda alilojifunza bila hofu. Na wote warudi kwa mama zao." Amina ya Kathini ilisikika hadi nje.

Pale pale alimpigia kocha. "Ni Kathini. Andika jina langu." Hakungoja kusifiwa, akakata simu.

Wakati wa kuondoka, Ayuma alijaza kiondo changu omena, yaani dagaa wakavu, maana kwao pia kiondo hakirudi kitupu. Lenah alitusindikiza mpaka mlangoni, akikinga macho kwa kiganja. Kathini hakuwa amezifungua bendeji.

"Ukishinda, ukishindwa, sijali," Lenah akamwambia. "Wenzetu wa ngumi wananitumia meseji tu, wanaogopa kuja. Wewe Jumapili baada ya kanisa urudi, uketi hapa, unisimulie kila raundi. Na Shosh aje. Tafadhali mje."